Geji inasema nusu, stiki inasema theluthi: niamini kipi?

SWALI: Naendesha ndege ndogo ya injini mbili za pistoni yenye matangi ya mpira ndani ya mabawa, kila upande lita 190. Ikiwa imeegeshwa, geji ya kushoto inaonyesha nusu tanki lakini stiki (kijiti cha kupimia mafuta kupitia tundu la kujazia) inaonyesha theluthi. Upande wa kulia vyote viwili vinakubaliana. Fundi wetu anasema geji ya ndege hutakiwa kuwa sahihi tanki likiwa tupu tu, kwa hiyo nisijali. Niamini kipi? Na je, naweza kuchonga stiki yangu mwenyewe, maana hii tuliyo nayo tuliikuta tu ndani ya ndege?

JIBU: Ndugu rubani, kwa leo amini kilicho kidogo. Hesabu theluthi, ongeza mafuta kwa mita ya boza, na ujumlishe lita zilizoingia juu ya theluthi hiyo. Usiseme "nimejaza hadi juu, kwa hiyo ni 190" mpaka tujue tanki la kushoto lina nini.

Hakuna kati ya vyombo vyako viwili kinachopima lita. Stiki inapima kimo cha mafuta chini ya tundu la kujazia. Geji ya boya inafuata boya limeinuka kiasi gani pale lilipofungwa, ukinzani wa umeme unabadilika, sindano inasogea. Lita ni tafsiri iliyowekwa baadaye na mtu, kwa jedwali au kwa alama. Tanki la bawa ni pana, halina kina kirefu, tena limelala kwa mteremko kwa kuwa bawa hupanda kuelekea nchani. Sentimita moja katikati ya tanki ni lita nyingi. Sentimita hiyohiyo karibu na sakafu ni lita chache.

Kwa sababu hiyo jaribio la kwanza halina gharama. Igeuze ndege palepale ilipo, pua iangalie ulikokuwa mkia, subiri mafuta yatulie, kisha pima pande zote mbili. Tofauti ikihamia kulia, uwanja ndio ulioinama. Ikibaki kushoto, angalia shokapu za magurudumu: moja ikiwa imeshuka, ndege inabeba mwinamo wake popote unapoiegesha.

Kama shokapu ni nzima, mimi ningeushuku mpira wenyewe kabla ya geji. Tanki la mpira hushikiliwa na vifungo ndani ya bawa. Kimoja kikiachia, mpira hujikunja. Mkunjo ulio chini ya boya unalinyanyua, na geji inasoma juu kuliko ukweli. Mkunjo ulio chini ya tundu la kujazia unaizuia stiki kabla haijagusa sakafu, nayo inasoma chini. Dalili zako zote mbili zinaweza kutoka kwa mkunjo mmoja. Linaloniogopesha zaidi ni kwamba tanki la namna hiyo halibebi tena lita zilizoandikwa kitabuni, hata ukiyaona mafuta yamefika mfunikoni. Na mfuniko ukiwa haukufungwa vizuri, mvuto wa hewa juu ya bawa hunyonya mafuta nje na huweza kuuinua mpira pamoja na boya lake. Rubani anaona geji imejaa wakati tanki linamwagika angani. Ukiona sindano moja imeganda juu huku mwenzake akishuka kama kawaida, usiichukulie kuwa habari njema.

Jaribio la pili ni la boza. Theluthi ya 190 ni kama lita 63, kwa hiyo stiki ikiwa kweli, tanki litapokea karibu 127. Likipokea hizo, kosa liko kwenye geji: boya limekwama, au waya unaorudisha umeme kwenye mwili wa ndege umelegea au una kutu. Likipokea 95 tu, mambo mawili yanawezekana: ama geji ilisema kweli, ama tanki limepungua ujazo. Hapo hakuna njia ya mkato. Tanki limwagwe lote na yanayotoka yapimwe.

Kuhusu kauli ya fundi wenu: imeenea sana, na inatokana na kanuni iliyosomwa nusu. Kanuni za Marekani za kuidhinisha ndege ndogo zilitaka geji isome sifuri pale yanapobaki mafuta yasiyotumika, yaani yale ya chini ya tanki ambayo injini haiwezi kuyavuta, katika safari ya usawa. Hilo linaeleza sifuri iwe wapi. Halikuiruhusu geji iseme uongo kwingineko. Geji inayokosea sehemu moja ya sita ya tanki, kama tofauti uliyoiona, ni mbovu, iandikwe kwenye kitabu cha hitilafu.

Stiki, chonga, lakini hiyo mliyoikuta iwekeni kando. Kipimo cha ndege nyingine ni hatari hata kikionekana kinafaa. Mwezi Agosti 2005 ndege ya abiria aina ya ATR 72 ya shirika la Tuninter la Tunisia iliishiwa mafuta na kuangukia baharini karibu na Sicily, watu 16 wakafa. Ilikuwa imefungwa geji ya ATR 42, ndege ndogo zaidi ya kiwanda hichohicho, ambayo matangi yake ni tofauti. Tumia mbao ngumu isiyopakwa rangi, ncha iwe ya mviringo isije ikatoboa mpira. Kazi ifanyike nje, ndege na vyombo vimeunganishwa kwa waya wa kuondoa umeme tuli, fundi mwenye leseni akisimamia. Sawazisha ndege kwa pimamaji kwenye sehemu zilizotajwa na kitabu cha matengenezo. Mwaga mafuta hadi yabaki yasiyotumika, kisha ongeza lita 20 kwa 20 kutoka chombo kilichohakikiwa, na kila mara weka alama ya stiki na uandike sindano imesimama wapi. Ipatie kila bawa upande wake wa stiki, na uandike namba ya usajili wa ndege juu yake. Utakuta lita za mwanzo haziguswi na stiki kabisa, kwa sababu mafuta yamekimbilia upande wa mwilini mwa ndege. Chini ya alama hiyo stiki haina la kukuambia. Kwenye jua kali soma haraka, petroli ya ndege hukauka upesi.

Andika lita kila mahali na ubadilishe kwenda kilo mara moja tu, mwishoni. Petroli ya ndege ni karibu kilo 0.72 kwa lita. Mwaka 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani ikatua Gimli, Kanada, bila injini. Kimo kilipimwa kwa stiki, lakini lita zikazidishwa kwa 1.77, namba inayogeuza lita kuwa pauni, jibu likachukuliwa kuwa kilo.

Kama mna mita ya mtiririko, yaani inayohesabu mafuta yanayokwenda injini, ni msaada mkubwa, ila inajua tu kiasi ulichoiambia mwanzoni na kilichopita kwenye kihisi chake. Hita ya kabini inayochoma mafuta ya tanki huenda haihesabiwi. Na kwenye baadhi ya ndege za injini mbili, mafuta ya ziada kutoka injini hurudi tanki kuu hata ukiwa unatumia la akiba, kwa hiyo tanki moja linaweza kupanda huku jingine likishuka kuliko hesabu yako. Kitabu cha rubani kitakuambia yako inarudisha wapi.

Kabla ya yote hayo, mwombe fundi afungue kifuniko cha ukaguzi cha tanki la kushoto likiwa tupu, akague vifungo vya mpira kimoja kimoja. Mkichonga stiki kabla ya hapo, alama zake zitakuwa za tanki lenye mkunjo.