Maswali ya Wasomaji: Safari ya Agosti Kutoka Nairobi Hadi kwa Wakwe

Shule zikikaribia kufungwa, barua za safari huwa nyingi kuliko za mambo mengine yote. Mwezi huu tumechagua zinazohusu njia ya Nakuru, Kericho, Kisumu na Kakamega, kwa kuwa ndiko wasomaji wengi wanakoelekea.

Tunakwenda kwa wakwe zangu karibu na Kakamega, watu wazima watatu na watoto wanne, kwa gari la Toyota Noah la viti vinane. Mume wangu anataka tuondoke Ijumaa jioni akitoka kazini ili tufike alfajiri. Mimi usiku nauogopa. Nani kati yetu yuko sawa? – Mama watoto, Donholm

Wewe, dada. Mtu aliyeshinda kazini tangu asubuhi hafai kuendesha kilomita 400 usiku, hata akinywa kahawa ya aina gani. Zaidi ya usingizi, kuna malori yaliyoharibika katikati ya barabara yakiwa hayana taa, yamewekewa matawi ya miti tu. Matawi hayo huyaoni mpaka uwe umeyafikia.

Ondokeni Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, mizigo ikiwa imepakiwa tangu Ijumaa. Mtafika Nakuru kama saa mbili, mpumzike dakika 40 na kunywa chai. Mau Summit itakuwa karibu saa nne, Kericho saa tano kasorobo, Kisumu saa sita na nusu, na Kakamega kufikia saa nane mchana. Ratiba hii imepangwa kwa sababu ya mvua. Agosti, Kericho na magharibi hunyeshewa zaidi alasiri, mara nyingine kwa mawe, na lami yenye kona kati ya mashamba ya chai huteleza vibaya. Anayeondoka Nairobi saa tatu asubuhi hujikuta pale mvua inapoanza, kisha giza linamkuta mbele.

Tatizo la alfajiri ni ukungu, hasa kati ya Limuru na Kinungi. Tumia taa za chini. Taa kubwa zikiwashwa, mwanga hugonga ukungu na kukurudia machoni. Usiwashe taa za dharura ukiwa unaenda, maana dereva wa nyuma atadhani umesimama, na hataona ukionyesha kwamba unakata kona. Kama huoni mbali zaidi ya magari mawili, ingia kwenye kituo cha mafuta usubiri. Ukungu mwingi hupungua jua likishapanda.

Njia ya chini ya Mai Mahiu ina mandhari nzuri ya Bonde la Ufa, lakini malori mengi ya mizigo hupita huko na mteremko ni mkali. Ukiwa na watoto, tunashauri njia ya juu, inayopita Kinungi. Na kurudi, msirudi Jumapili jioni: foleni kutoka Naivasha hadi Limuru inaweza kula saa mlizopanga kulala. Rudini Jumamosi, au Jumatatu asubuhi.

Desemba iliyopita tukirudi Nairobi, baada ya kupita Mau Summit nilisikia harufu ya kuungua na pedali ya breki ikawa laini. Fundi alibadilisha pedi akasema mambo yako sawa. Nataka kusafiri tena Agosti. Niangalie nini? – Baba, Umoja

Kaka, dalili hizo mbili zikija pamoja maana yake breki zilichemka. Mteremko wa kutoka Mau Summit kupitia Sachang'wan hadi Salgaa ni mrefu, na anayeushuka kwa kukanyaga breki muda wote huzipasha moto mpaka zinashindwa kushika. Pedi mpya hazitatui chanzo, na chanzo kina sehemu tatu.

Ya kwanza ni mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani, na yakishanyonya huchemka kwenye joto la chini zaidi. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke. Ukikanyaga, unabana mvuke badala ya kusukuma mafuta, ndiyo maana pedali inakuwa laini. Mwombe fundi amwage yote na kutia mapya, asiongeze juu ya ya zamani. Kila baada ya miaka miwili inatosha. Aina inayotakiwa, DOT 3 au DOT 4, imeandikwa kwenye kifuniko cha chombo chake. Usikubali mafuta kutoka kwenye chupa iliyokaa wazi gereji.

Ya pili ni gia. Kwenye mteremko, kama gari ni la otomatiki, toa gia kwenye D uiweke S, B, L au 2, kulingana na gari lako, kabla ya kuanza kushuka na si katikati. Injini itanguruma, iache ingurume, ndiyo inayolishikilia gari. Breki kanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, punguza mwendo, achia zipoe, kisha rudia. Kuweka mguu juu ya pedali kidogo kidogo kilomita nzima ndiko kunakoziunguza. Kuweka gia huru ili kuokoa mafuta ni hatari kubwa, na madereva wa malori wanaofanya hivyo ndio wamelipa eneo la Salgaa sifa yake mbaya.

Ya tatu ni uzito, na hili wengi hawalipigi hesabu. Magari ya familia kutoka Japani hupimwa kwa kilo 55 kwa kila kiti. Kwa gari la viti vinane hizo ni kilo 440, mizigo ikiwa ndani ya hesabu hiyo hiyo. Chukua watu wazima watatu wa kilo 75 na watoto wanne wa kilo 30: tayari ni kilo 345. Zimebaki 95. Gunia moja la mahindi la kilo 90 limezimaliza, na bado hujapakia masanduku wala ndizi. Mkitaka kurudi na gunia, litumeni kwa basi la mizigo.

Breki zikianza kunuka barabarani, shusha gia, toka nje ya lami, simama nusu saa. Usimwagie maji magurudumu: diski ya moto ikipata maji baridi hupinda au kupasuka. Weka pembetatu za kuakisi mwanga hatua 50 au zaidi nyuma ya gari, na abiria wote washuke wasimame mbali na barabara.

Ukiwa kwa fundi, angalia matairi pia. Ubavuni mwa tairi, kwenye maandishi yanayoanza na herufi DOT, soma namba nne za mwisho: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililopita miaka sita likaguliwe kwa makini hata kama meno yake ni marefu, kwa sababu mpira huzeeka na kupasuka pembeni ukiwa na mzigo na joto. Pima upepo asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa kipimo cha gari lililojaa kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Pima na la spea. Tairi la spea lisilo na upepo ni mzigo mtupu.

Jambo moja zaidi kuhusu Sachang'wan. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka hapo, watu wakakusanyika kuchota, moto ukawaka na kuua zaidi ya watu 100. Ukikuta tangi limeanguka mahali popote, usisimame kutazama. Funga madirisha, geuza gari, rudi ulikotoka.

Nitawachukua watoto wa ndugu yangu, wenye miaka 6, 10 na 13, tulale Naivasha usiku mmoja tuone Hell's Gate. Inawezekana kwa baiskeli? – Shangazi, Ngara

Inawezekana, na ni mahali pazuri pa kuvunjia safari. Ni moja ya mbuga chache za Kenya ambapo unaruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli kati ya pundamilia, swala na twiga. Lipia kiingilio mtandaoni kabla ya kufika, kwa sababu langoni hawapokei pesa taslimu. Baiskeli hukodishwa karibu na lango la Elsa. Kabla ya kulipia, jaribu breki zote mbili na ugeuze gia, na umshushie kiti mtoto mpaka vidole vya miguu vifike chini.

Kutoka langoni hadi kwenye korongo la Ol Njorowa ni kama kilomita 8, na kwenda ni rahisi kuliko kurudi. Wa miaka 13 na 10 wataweza. Wa miaka 6 hataweza, na ukimlazimisha mtakwama wote katikati ya vumbi. Nendeni na gari, wakubwa waendeshe mbele mpaka mnara wa Fischer, mwamba wa mita 25 ulio karibu na lango, kisha muendelee pamoja garini. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu, kofia, na muanze saa mbili asubuhi. Nyati mkimwona, simameni mbali, msipite kati yake na kichaka.

Kuhusu korongo, hapa tunaomba utusikilize sana. Maji yanaweza kuingia humo ghafla hata kama juu yako kuna jua, kwa sababu mvua inanyesha kwenye miinuko iliyo mbali na korongo ndilo mkondo wake. Mwaka 2012 na tena 2019 mafuriko ya namna hiyo yaliwaua wageni. Muulize askari wa mbuga kama korongo liko wazi siku hiyo, na usishuke bila mwongozaji. Ukiona wingu zito upande wowote, acha. Mkiwa ndani na maji yakabadilika kuwa ya kahawia, yakaleta majani na vijiti, au mkasikia mngurumo, pandeni kingo papo hapo. Msirudi njia mliyoijia. Kwa mtoto wa miaka 6, sisi tungebaki juu.

Kitinda mimba wangu, miaka 5, hutapika kila safari kabla hatujafika Limuru. – Kasarani

Mkalishe katikati ya kiti cha nyuma, aone barabara mbele, juu ya kiti cha watoto ili macho yafike kwenye kioo. Simu na vitabu viondolewe, maana macho yakiona kitu kilichotulia wakati masikio ya ndani yanahisi gari likiyumba, ndipo kichefuchefu huanza. Mpe mkate mkavu au ndizi saa moja kabla, si chai ya maziwa na mandazi ya mafuta. Fungua dirisha kidogo. Kuna dawa za kuzuia, lakini mwulize mfamasia kiwango cha umri na uzito wake, na zitolewe kabla ya kuondoka. Akishaanza kutapika hazisaidii sana.

Watoto wetu wamezaliwa Nairobi. Tunakwenda Kisumu kisha Kakamega. Nyanya yao anasema malaria ni homa ya kawaida tu. – South B

Kwa nyanya yao inaweza kuwa nyepesi, kwa sababu mwili wake umeizoea kwa miaka mingi. Watoto wa Nairobi hawana kinga hiyo, na kwao inaweza kuua. Bebeni vyandarua vyenye dawa vyenu wenyewe, kwa kuwa nyumba ikijaa wageni vilivyopo havitoshi. Jioni wavae mikono mirefu. Zungumza na daktari kuhusu dawa ya kinga kabla ya kusafiri, kwa sababu nyingine huanzwa siku kadhaa mapema na nyingine haziwafai watoto wadogo. Dalili huanza siku saba au zaidi baada ya kuumwa, kwa hiyo homa inaweza kuja mkisharudi na shule zimefunguliwa. Mtoto apimwe damu siku hiyo hiyo, na umwambie daktari mlikokuwa.

Ziwani, pandeni mashua kwenye ufukwe wa Dunga, Kisumu, mkiwa na maboya, lakini msiogelee wala kukanyaga maji ya ufukweni: kuna kichocho, na kuna viboko. Hamu ya watoto ya kuzurura ipelekeni Msitu wa Kakamega, asubuhi kabla ya mvua. Mwongozaji wa kituo cha Isecheno, humo msituni, atawaonyesha mbega na ndege wengi. Chomekeni suruali ndani ya soksi kwa ajili ya siafu.

Mama mkwe hatuachi turudi mikono mitupu: kuku, ndizi, mahindi. Mara ya mwisho kuku wawili walikufa na mahindi yakaota ukungu. – Ongata Rongai

Kuku hawafi kwa safari, hufa kwa joto. Buti iliyofungwa haina hewa, na kamba ya miguuni huzuia damu. Waweke kwenye tenga au katoni yenye matundu pande zote, watatu kwa moja, ndani ya gari nyuma ya viti. Wasilishwe usiku wa kuamkia safari, gari halitachafuka sana. Maji wapewe kila mnaposimama.

Ndizi zibebwe zikiwa mbichi, zikatwe chana moja moja, zifungwe kwa majani yake. Msiziweke pamoja na parachichi, zitaivishana haraka.

Mahindi mabichi yavunwe asubuhi ya kuondoka, yakiwa na maganda, kwenye gunia la wavu. Rundo la mahindi kwenye plastiki hujipasha moto lenyewe. Ya kusaga ndiyo ya kuangalia zaidi, kwa sababu yanayovunwa mapema Agosti mara nyingi hayajakauka, na ukungu wake unaweza kuwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Pima hivi: chukua chupa kavu ya kioo, tia kijiko kimoja cha chumvi kavu, jaza mahindi mpaka robo ya chupa, funga, tikisa dakika mbili au tatu, kisha acha itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, yaacheni kwa mama yakauke juani, awatumie baadaye kwa basi.