Nipelekeni Merseyside Red

Mmeuliza wiki hii: msomaji akilipiwa safari moja ya nje, kwenda kuona mahali anapopapenda kwa sababu ya mchezo wa video, atachagua wapi? Nililisoma swali kwa sauti, na mpwa wangu hakungoja nimalize. "Japani, mjomba!" Anataka Uji, karibu na Kyoto, ambako Nintendo, watengenezaji wa michezo ya Mario, waligeuza kiwanda chao cha zamani kuwa makumbusho na kuyafungua Oktoba 2024. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata. Tiketi za huko unaziomba mapema, kisha kura inapigwa. Yaani upange safari kutoka Entebbe na kuingia kwenyewe bado kuwe bahati nasibu! Lakini namwelewa, yeye amekulia Kampala na simu mkononi. Mimi nimekulia Arua, na huko Mario hatukumjua.

Sisi tulikuwa na PlayStation 2 mbili ndani ya kibanda cha mbao nyuma ya soko. Jenereta inanguruma nje, mechi moja shilingi 200, ukifungwa unaachia padi mwenzako akae. Mchezo ulikuwa PES 6, ule wa kandanda wa kampuni ya Konami, wa mwaka 2006. Aliyetangulia kuchagua Inter ya Italia alikuwa ameshinda nusu ya mechi, kwa sababu mshambuliaji wake Adriano akiuachia mguu wa kushoto, hata awe mbali vipi, kipa anabaki kutazama. Ilifika mahali mwenye kibanda akapiga marufuku Inter siku za Jumapili, na alifanya vizuri.

Mimi nilichukua Merseyside Red. Waliocheza wanaijua hadithi: Konami hawakuwa na kibali cha kutumia majina ya klabu nyingi za Uingereza. Arsenal na Manchester United zilikuwa na majina yao, lakini Chelsea iliitwa London FC, Manchester City ikawa Man Blue, Everton ikawa Merseyside Blue, na Liverpool ndiyo hiyo Merseyside Red. Wachezaji lakini walibaki na majina yao ya kweli. Gerrard, kiungo wa Liverpool, alikuwa Gerrard.

Sasa fikirieni mtoto ambaye kwao hakuna televisheni. Jioni redio inasema Gerrard ameifungia Liverpool. Mchana, kibandani, Gerrard ni wa Merseyside Red. Nikajua moja kwa moja kwamba mtu huyu anachezea timu mbili, na nikamsifu mezani mbele ya kaka yangu kwa kutochoka. Alinicheka hadi ugali ukapoa. Mpaka leo tukikutana msibani ananisalimia, "Merseyside, hujambo?"

Baadaye mwenye kibanda aliamua kurekebisha majina mwenyewe. Alikaa mchana mzima akichagua herufi moja moja kwa padi, sisi tumemzunguka kama anafanya upasuaji, naye akaandika LIVERPUL. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Siku chache baadaye jenereta ilizimika ghafla wakati memori kadi inahifadhi, kila kitu kikafutika, na Merseyside Red ikarudi. Nakiri nilifurahi.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hilo. Mwaka 2025 Uganda Airlines ilianza kwenda moja kwa moja kutoka Entebbe hadi Gatwick, uwanja wa ndege wa karibu na London. Kutoka hapo ni kuingia London hadi stesheni ya Euston, kisha treni ya saa mbili na kidogo hadi Lime Street, Liverpool. Merseyside kumbe ni jina la kweli, ni eneo zima la kando ya mto Mersey. Waliobuni mchezo hawakusema uongo, walificha tu nusu ya anwani.

Sitaanza na uwanja wenyewe. Nitaanza Stanley Park, bustani iliyo kati ya Anfield, uwanja wa Liverpool, na Goodison Park ya Everton, kwa maana viwanja hivyo havipishani hata kilomita moja na nusu. Yaani Red na Blue ni majirani wa kuombana chumvi! Na ugomvi wao ni wa kwetu kabisa. Anfield ilikuwa ya Everton kwanza, tangu 1884. Mwaka 1892 wakagombana na mwenye uwanja kuhusu kodi na mambo mengine, wakabeba virago wakahamia ng'ambo ya bustani. Mwenye uwanja akabaki na nyumba tupu, basi akaunda timu yake, ndiyo Liverpool. Mpangaji yeyote wa Kampala anayesoma hapa anaelewa hasira za namna hiyo. Sasa timu ya wanaume ya Everton imehama tena, tangu 2025, imekwenda uwanja mpya kule bandarini, na Goodison wameingia wanawake wa klabu hiyohiyo.

Shida ni viza. Miaka michache iliyopita ubalozi mmoja ulininyima, tena kwa safari ya mafunzo yenye barua na mihuri yote, eti salio langu la benki halikuwaridhisha. Sasa kwenye fomu, palipoandikwa sababu ya safari, niandike nini? Kwenda kuona timu isiyokuwepo?

Mkinipeleka, jezi sinunui. Nitakachotafuta ni gari la polisi. Polisi wa kule wanaitwa Merseyside Police, na sidhani kama magarini kwao kuna aliyekosea herufi hata moja. Nitalipiga picha, kama wenyewe hawatanihoji, nimtumie yule mwenye kibanda. Siku hizi anauza vipuri vya bodaboda.