Mvuta sigara ameze vidonge vya vitamini A?

SWALI: Shikamoo dokta. Baba yangu mdogo ana miaka 58, anavuta sigara tangu ujana wake. Sasa kuna jamaa huku kwetu anauza vidonge vya vitamini A vya dozi kubwa, anasema vinakinga kansa na hata anayeumwa tayari vinamponya, eti China wameshatibu kansa ya damu kwa vitamini A. Ba'mdogo kanunua kopo mbili na ameshaanza kumeza. Ni kweli au tunaliwa hela?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie ba'mdogo aviache leo hii, asingoje kopo liishe. Hiyo habari ya China ni ya kweli kabisa ila huyo muuzaji kawapa nusu yake.

Kuna kansa moja ya damu inaitwa lukemia ya promielositi, zamani mtu alikuwa anavuja damu na kufariki ndani ya siku chache au wiki. Shida ni kwamba seli changa za damu zinagoma kukomaa, zinazaliana tu kwenye uboho mpaka zinajaa. Mwaka 1985 daktari Wang Zhenyi wa Shanghai akampa mtoto wa kike wa miaka 5 asidi ya retinoiki, dawa inayotokana na vitamini A, na yule mtoto akapona. Mwaka 1988 wakatoa matokeo ya wagonjwa 24, na kwa 23 kati yao dawa hiyo peke yake ilifanya kansa isionekane tena kwenye vipimo. Dawa yenyewe haiui seli kama kemo (zile dawa kali za kansa), inazilazimisha zikomae halafu zife kwa wakati wake, na inaweza kwasababu kansa hiyo imetokana na kuharibika kwa kile kile kipokezi cha vitamini A ndani ya seli, yaani sehemu inayoipokea. Kansa ya mapafu haina kasoro hiyo. Siku hizi wanaichanganya na dawa nyingine, aseniki, na wengi wanapona moja kwa moja, lakini ni hospitali, mgonjwa anaangaliwa kila siku maana dawa inaweza kumjaza maji kwenye mapafu.

Sasa njoo kwa wavuta sigara. Finland walichukua wanaume wavutaji 29,133, na wale waliopewa beta-karotini, ambayo mwili unaigeuza vitamini A, walipata kansa ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao ambao hawakupewa. Marekani nako watu zaidi ya 18,000, wengi wavutaji na wengine waliofanya kazi na asbesto (madini ambayo vumbi lake linaharibu mapafu), nusu yao wakapewa beta-karotini miligramu 30 na vitamini A yuniti 25,000 kila siku, na Januari 1996 ikabidi wasimamishe miezi 21 kabla ya muda kwasababu kansa ya mapafu ilizidi kwa asilimia 28 na vifo kwa asilimia 17. Inaniuma sana hii, watu walijitolea wakiamini wanajikinga.

Mchicha, karoti, viazi lishe, ale tu bila wasiwasi. Na matone ya vitamini A wanayopewa watoto wadogo kila miezi 6 hayahusiani na haya, mpelekeni mtoto kama kawaida.

Ba'mdogo kama anakohoa zaidi ya wiki mbili au anatoa damu, aende apigwe eksirei na apimwe makohozi. Hizo kopo msimpe mtu mwingine, hasa dada mwenye mimba, dozi kubwa ya vitamini A inaweza kumlemaza mtoto tumboni.