Maswali yenu: trauti wa Montana, theluji hadi panzi

Barua zimerundikana tangu niliposema hapa kwamba siku zangu za mapumziko nazimalizia mtoni Montana, Marekani, nikimvua trauti, samaki wa maji baridi, kwa chambo cha manyoya. Leo najibu tano.

*Kaka, nimehamia Bozeman nikitokea Mwanza. Nimevua kwa ndoana na minyoo tangu utotoni. Hii ya kurusha manyoya hewani ni uvuvi au maonyesho?*

Ni uvuvi, ila uzito umehamishwa. Kwa mshipi uliouzoea unarusha chubwi, mshipi unafuata. Huku chambo ni unyoya na uzi tu juu ya ndoana, hakina uzito wa kufika popote. Kwa hiyo mshipi wenyewe ndio umetengenezwa mzito. Unarusha mshipi, chambo kinafuata. Mkono utakuelewa baada ya siku mbili tatu. Kabla hujafungua kisanduku cha chambo, geuza mawe mawili matatu mtoni uone wadudu gani wamejishikiza chini yake. Hao ndio menyu ya trauti. Na soma kanuni za jimbo, maana kuna vipande vya mto ambako minyoo yako ni kosa.

*Nina wiki moja tu ya likizo. Nije Mei au Julai?*

Julai mapema. Mei theluji ya milimani inayeyuka, na mto Yellowstone, ambao hauna bwawa kubwa la kuuzuia, hugeuka rangi ya chai ya maziwa na kubeba magogo. Hali hiyo huweza kuendelea mpaka Juni imekwisha. Kama tiketi ya Mei umeshanunua, nenda chini ya bwawa: mto Missouri chini ya bwawa la Holter, au mto Bighorn chini ya bwawa la Yellowtail. Huko maji hutoka kwenye ziwa kubwa lililo nyuma ya bwawa, na mara nyingi huwa safi wakati mito mingine ni tope.

Lakini mwisho wa Juni na mwanzo wa Julai kuna jambo kwenye mto Madison. Nzi-samoni, mdudu mwenye tumbo la rangi ya chungwa na urefu wa karibu sentimita 5, hutambaa kutoka majini baada ya kuishi miaka kadhaa chini ya mawe. Huanza sehemu za chini za mto, na kadiri maji yanavyopata joto, wimbi lao hupanda siku baada ya siku. Mwaka wangu wa kwanza nilifika mahali sahihi kwa siku isiyo sahihi: maganda matupu yamejaa kwenye vichaka, trauti wameshiba, na mimi na sandwichi yangu.

*Agosti tulikuta tangazo: mwisho wa kuvua saa nane mchana. Panzi walikuwa ndiyo kwanza wanaanguka majini! Uonevu gani huu?*

Si uonevu. Maji ya moto hayashiki oksijeni ya kutosha. Trauti aliyepambana na mshipi wako katika maji hayo anaweza kuogelea vizuri ukimwachia, kisha akafa mbali na macho yako. Montana huweza kufunga mto kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku, maji yakifika nyuzi 23 hivi za Selsiasi siku tatu mfululizo. Mimi hufunga virago zikifika 20. Kipimajoto si ghali, kitie mfukoni. Halafu amka alfajiri.

*Oktoba niliona trauti wawili wakubwa kwenye maji ya magotini, hawakimbii hata nikiwasogelea. Ningewavua?*

Hapana, na usingewasogelea. Hao ni trauti wa kahawia, wageni walioletwa Marekani kutoka Ulaya mwaka 1883, na wanataga vuli. Tafuta kiraka cha changarawe kilichong'aa kama kimefagiliwa: mayai yamo humo mpaka masika, na kiatu chako kinatosha kuyaponda. Trauti mwenyeji, mwenye mstari mwekundu kooni kama aliyeponyoka kisu cha bucha, hutaga majira ya kuchipua. Tangu 1974 Montana imeacha kumwaga samaki wa kufugwa kwenye mito yake yenye trauti wa porini, kwa hiyo mayai hayo ndiyo samaki wa kesho.

(Wanaouliza kuhusu Januari: saa sita hadi saa tisa mchana, vidimbwi vya kina, chambo kidogo kama punje ya mtama. Barafu itaziba vipete vya fimbo, vile mshipi unamopita. Beba chai.)

*Sisi wa Nyeri tuna trauti wetu. Ni ndugu wa hao?*

Ndugu kabisa. Trauti wa kahawia walifikishwa mto Gura, Aberdare, mwaka 1905 na mlowezi Mwingereza, Ewart Grogan. Tofauti ni kwamba kwenu theluji haina kazi. Mvua za Machi hadi Mei ndizo zinazochafua maji. Siku ukipita Gura, pima joto la maji alfajiri na adhuhuri, unitumie namba zote mbili.