Nani atamgeuza mama saa nane za usiku?

Shikamoo Shangazi,

Naishi Dar, nina miaka 38, ni mtoto wa tatu kati ya wanne. Mama yetu yuko nyumbani Ujiji, ana miaka 74. Mwezi wa nne alipata kiharusi, akalazwa hospitali ya Maweni, akaruhusiwa baada ya wiki mbili. Upande wa kulia umelala na maneno hayatoki, ila anaelewa. Anayemhudumia ni wifi yangu, mke wa kaka mkubwa. Ana watoto watatu, na genge lake la mboga sasa limefungwa. Mimi na mdogo wangu tumepata kampuni ya hapa Dar inayopeleka wahudumu wa wagonjwa nyumbani mpaka mikoani. Wanataka shilingi 450,000 kwa mwezi, tulipe miezi mitatu kwa mpigo, ndipo wamtume mtu kwa treni. Kaka amekuja juu: mama yetu hatalelewa na watu baki, majirani watasema tumemtelekeza. Dada mkubwa anasema tuchukue binti yeyote wa kijijini kwa 60,000. Tangu wiki iliyopita hatuongei vizuri. Kampuni nzuri naitambuaje, na kaka nimwambie nini?

Mtoto wa tatu, Tabata

Marahaba mwanangu, na poleni sana.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikimtafuta mtu mmoja, sikumpata. Kaka na hasira zake nimemwona, dada na hesabu zake nimemwona, hata majirani na midomo yao wamo. Mama mwenyewe anataka nini? Umesema anaelewa. Kiharusi kilichopooza kulia kimepiga ubongo upande wa kushoto, na kwa watu wengi huko ndiko maneno yanakokaa. Ulimi umegoma, akili ipo. Mtu wa namna hiyo unamuuliza swali la ndiyo au hapana, moja tu, kisha unanyamaza unamsubiri, hata ikichukua dakika nzima. Mkono wake wa kushoto una nguvu, basi akubane mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana. Mama, uogeshwe na mgeni? Au na wifi tu? Mgeni alale humu chumbani? Mkimleta mtu bila kumuuliza, atakachofanya ni kufunga mdomo kijiko kinapokuja, na nyinyi mtasema mhudumu hafai.

Sasa kaka yako. Anaposema mama hatalelewa na watu baki, maana yake atalelewa na mke wake, ambaye kwa damu naye ni mtu baki. Hilo usimwambie hivyo nilivyoliandika, ni kaka mkubwa, na usimwambie kwenye kundi la familia la WhatsApp. Mpigie mkiwa wawili, umuulize kitu kimoja: saa nane za usiku nani anaamka?

Kwa sababu kazi yenyewe iko hapo. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, la sivyo nyama ya kwenye mfupa wa kiuno, nyonga na visigino inakosa damu na kuanza kufa. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 45 za kawaida kwa wiki, pamoja na mapumziko ya saa 24 mfululizo. Toa 45 kwenye 168, zinabaki 123. Kwa hiyo hata mkimpata mhudumu hodari kuliko wote, hizo 123 ni za familia, au za mtu wa pili. Kampuni ikikuahidi kwamba mtu wao "anakaa na mgonjwa saa 24, siku saba", hapo kuna binti anayenyonywa na mgonjwa asiyegeuzwa. Akishachoka atalala tu, ni binadamu.

Nayajua haya kwa machungu. Mama mkwe wangu alilala miezi kumi na moja nyumba ya Mwanga, Kigoma mjini. Sisi nasi tulikuwa watoto wa mbali wenye pesa kidogo na haraka nyingi. Tukachukua mtu kwa kampuni moja, mtandaoni ilipendeza kweli. Akashuka stesheni Kigoma na sare ya bluu iliyopigwa pasi na cheti ndani ya bahasha ya plastiki. Binti mpole, mcheshi, nyumba inang'aa. Wiki ya tatu nikaingia chumbani nikasikia harufu. Nilipomlaza mama ubavu nikakuta kidonda juu ya mkia wa uti wa mgongo, kipana kama kifuniko cha chupa ya maji, katikati cheusi. Binti akalia. Akaniambia kule walifundishwa siku nne, na kugeuza walimgeuzia mwanasesere. Kidonda kile tulikiosha miezi mitano. Binti sikumlaumu sana. Nililaumu mdomo wangu, ambao ulikuwa umeuliza bei na tarehe ya kufika, basi.

Kwa hiyo wewe uliza. Waulize kwanza wanayemtuma ni nani hasa, jina lake, na uongee naye kwa simu kabla ya kulipa hata shilingi. Wakisema "tutakupangia mtu", waambie asante. Muulize huyo mtu wagonjwa wake wawili wa mwisho walikuwa na nini, na kama ndugu zao unaweza kuwapigia. Akiitwa muuguzi, lazima awe kwenye rejesta ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na leseni yake iwe hai, hilo linahakikiwa. Asipokuwa muuguzi si kosa, mama yako kwa sehemu kubwa anahitaji mikono safi yenye subira, lakini basi asiguse sindano wala kubadilisha mpira wa mkojo. Kampuni nayo ikuonyeshe usajili na kibali cha kazi wanayoifanya. Ila karatasi ya Brela, wakala wa usajili wa biashara, inakwambia tu kwamba jina limeandikwa, haijui kama mtu anajua kumvalisha mgonjwa gauni.

Halafu swali ambalo hawalipendi: katika hiyo 450,000, binti anapata ngapi? Usione aibu kuuliza. Akipata robo, mwezi wa pili ataondoka, tena ataondoka alfajiri bila kuaga, na wifi yako atarudi palepale. Na akiumwa au akifiwa, nani anakuja badala yake, na baada ya siku ngapi? Kutoka Dar mpaka Kigoma kwa treni si safari ya kwenda Kariakoo. Mimi hilo peke yake lingenifanya nitafute karibu.

Na karibu watu wapo. Kampuni zenye mabango ni chache huko kwetu, lakini nenda wodini alikolazwa mama, umwone muuguzi kiongozi, mwambie shida yako. Wauguzi wanajua nani amestaafu na bado ana nguvu, nani amemaliza chuo cha afya hajapata ajira. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wenu naye anajua nyumba gani ilikuwa na mgonjwa wa kulala na nani alimhudumia vizuri. Ujiji hawafichi kitu. Binti wa 60,000 wa dada yako simkatai kwa sababu ya kijiji chake. Namkataa kwa sababu mnataka kumpa mgonjwa, jiko, watoto watatu na ufagio kwa mshahara mmoja. Amri ya serikali ya kima cha chini pia ipo, hata kwa kazi za nyumbani. Mkataba uandikwe: kazi zipi, saa zipi, siku gani ya kupumzika, likizo. Aje kwa ajili ya mama. Vyombo si vyake.

Utakayempata, awe wa kampuni au wa mtaani, mjaribu siku tatu wewe ukiwepo. Omba ruhusa kazini, panda gari. Kaa pembeni, usimsaidie, umwangalie tu.

Akiingia chumbani anamsalimia nani kwanza, wewe au mama? Anayekuuliza wewe "bibi anakula nini?" huku bibi anamtazama, huyo bado. Mwambie amkalishe mama kitandani. Akiudaka ule mkono wa kulia na kuuvuta, mpe nauli yake arudi; bega lililopooza limelegea, likivutwa linaweza kuchomoka na maumivu yake huchelewa kuisha. Mwambie ambadilishe gauni. Anayejua anaanza kuingiza mkono mgonjwa, mzima unafuata, na wakati wa kuvua anaanza na mzima. Ni jambo dogo, sekunde chache, lakini kwangu lina uzito kuliko cheti chenye mhuri. Chakula nacho: mama amekaa wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kidogo kinapita upande wa kushoto unaofanya kazi, na halali mpaka ipite nusu saa. Migebuka itolewe miiba yote kwa vidole, si kwa macho. Mgonjwa wa kiharusi akipaliwa, chakula kinaweza kwenda kwenye mapafu, na hiyo homa ya mapafu imewachukua wengi waliokwisha kuvuka kiharusi chenyewe.

Jambo la mwisho la kumtazama ni sitara. Mama wa Ujiji hajazoea kuvuliwa mlango ukiwa wazi. Khanga moja imfunike wakati mahali pengine panaoshwa. Na kama mama alikuwa mtu wa sala tano, mhudumu aweze kumtawadhisha na kumgeuza kibla wakati ukifika. Kusali kwa kulala kunaruhusiwa kwa mgonjwa. Mwombe mama akubane mkono kama anataka. Nina hakika atakubana.

Pesa zigawanyeni hivi, kama mtanisikiliza. Mtu wa mchana kutoka hapohapo Kigoma, siku sita. Siku ya saba kaka yako, yeye mwenyewe, si mke wake. Kumwogesha mama, kaka anaweza kuwaachia wanawake wa nyumba, lakini kulisha na kugeuza hakuna jinsia. Usiku mpangiane zamu, na kwa sababu nyinyi wa Dar hamna zamu, ninyi ndio mlipe zaidi. Kinachobaki kinunue godoro la hewa, mashine ya kupimia presha na daftari la kaunta la kuandika saa alizogeuzwa, alichokula, presha ya asubuhi. Godoro halifuti kugeuza, linapunguza tu. Daftari hilo lipigwe picha kila jioni, mtumiwe. Ni namna ya kuwa karibu, na kaka yako naye ataona kwamba hamjamtelekeza mama kwa mtu.

Ile 1,350,000 ya miezi mitatu usiitume. Wakikubali mwezi mmoja, kwa risiti, na jina la mtu uliyeongea naye, sawa, ongeeni. Wakikataa umejua.

Na leo, kabla hujampigia kaka, mpigie wifi. Usimuulize mama anaendeleaje, hilo anaulizwa na kila mtu. Muulize jana amelala saa ngapi, na genge angependa kulifungua lini.

Shangazi yako