Chumvi Weka Mbali na Maji

Huku kwetu Misungwi, kando ya Ziwa Victoria, mfugaji akiona majani ya karibu na ziwa yameliwa hadi udongo huku ya mwinukoni yakikauka bila kuguswa, lawama zote anambebesha mchungaji. Mimi huuliza kwanza: maji yako wapi, kivuli kiko wapi, chumvi iko wapi? Kama vyote viko sehemu moja, ng'ombe apande juu kufuata nini?

Tena ng'ombe anachagua. Pale alipokula juzi panachipua majani mafupi, laini, na ndiyo hayo anayoyarudia. Ya jirani yanakomaa, yanakuwa magumu, basi anayapita tu. Kiangazi malambo yakikauka hali inakuwa mbaya zaidi, maana kundi zima linateremka ziwani na jua la mchana likishawaka kundi haliondoki.

Maji huwezi kuyahamisha kirahisi, lakini jiwe la chumvi unalibeba begani. Langu naliweka upande wa pili wa malisho, penye majani mengi, na ardhi ikianza kuwa vumbi tupu kulizunguka nalisogeza. Ng'ombe akishakunywa anapanda kuifuata chumvi, na njiani anakula. Ila chumvi haitampandisha kwenye miamba mikali, na mwenye ndama mchanga haendi mbali na mwanawe.

Jifunze pia kusoma kundi. Wakitawanyika sana, kila mmoja anatembea kuliko anavyokula, hapo majani yamekwisha, hama. Wakibanana, mikia haitulii, ni nzi. Wakibanana na masikio yamesimama, kuna kitu kimewaogofya, mara nyingi mbwa wa kijana wako mwenyewe. Kuwachapa ili waachane kunawabananisha zaidi.

Saa za baridi, asubuhi na jioni, ndizo wanazokula vizuri na kwenda mbali. Mchana wanacheua kivulini. Wazee hawapendi kufungua zizi mapema kwa sababu majani yenye umande hubeba minyoo. Kwa mabondeni wako sahihi kabisa, ila mwinukoni umande hukauka mapema, kwa hiyo anzia huko.

Ukingoni penyewe kuna konokono wanaoeneza minyoo ya ini, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwenye pampu avute maji hadi kwenye birika nje ya eneo hilo. Gharama ipo, lakini majirani watatu wanne wakichanga, birika moja linawatosha.