Jibu: Kuongeza deraya (kinga dhidi ya kipigo cha kimwili) baada ya 100 kwenye mchezo wa kompyuta wa League of Legends

Ndugu, umeuliza kama ni hasara kununua deraya zaidi, kwa kuwa 100 ya kwanza inakata nusu ya kipigo cha kimwili ilhali ya pili inakufikisha asilimia 67 tu. Si hasara hata kidogo. Hiyo asilimia ndiyo inayowapoteza wengi.

Kanuni ni hii: gawanya 100 kwa jumla ya 100 na deraya yako, upate sehemu ya kipigo inayokufikia. Sasa chukua shujaa mwenye uhai 2000. Akiwa na deraya 100, adui lazima ampige 4000 ndipo afe. Akiwa na 200, ni 6000. Akiwa na 300, 8000. Umeona? Kila 100 inaongeza 2000 ileile, haipungui.

Kinachostahili kukutia wasiwasi ni upenyezaji wa adui, yaani uwezo wa kipigo chake kupuuza sehemu ya deraya yako. Ule wa asilimia unawaumiza wenye deraya nyingi: asilimia 30 ya 200 inafuta 60, lakini ya 40 inafuta 12 tu. Ule wa namba kamili, unaofuta kiasi kilekile cha deraya kwa kila mtu, ni hatari zaidi kwa mashujaa laini, wenye deraya kidogo. Kwa hiyo adui akishanunua wa asilimia, mara nyingi mimi huongeza uhai badala ya deraya, maana uhai haupenyezwi, na unasaidia hata dhidi ya uchawi na kipigo halisi, ambavyo deraya haivigusi kabisa.

Timu yao ina wapigaji wa kimwili wangapi? Taja tukupangie vifaa.